Treni ya TAZARA: Chumba kizuri hakiongezi nauli, huulizwa

ABIRIA anayepanda treni ya TAZARA katika stesheni ya Tunduma kwenda Dar es Salaam ana usiku mzima wa safari mbele yake, na namna atakavyoumaliza usiku huo huamuliwa zaidi siku ya kukata tiketi kuliko siku ya kusafiri. Wengi wanapofika dirishani huuliza mambo mawili tu, nauli na saa ya kuondoka. Swali la tatu, yaani chumba kipi na kitanda kipi, huachwa kwa mkata tiketi, ilhali jibu lake haliongezi hata shilingi moja katika nauli.

Kwa kijana asiye na mzigo jambo hilo linaweza kuonekana dogo. Kwa mzee anayepelekwa Muhimbili kwa matibabu, kwa mama mwenye mtoto mchanga, au kwa mfanyabiashara anayetakiwa kuanza kazi Kariakoo mara tu anaposhuka, usiku bila usingizi una gharama yake.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kilometa 975 kati ya hizo ziko Tanzania, na Tunduma ndiyo stesheni ya mwisho kabla ya mpaka. Kwa hiyo abiria wa mkoa wa Songwe aendaye Dar es Salaam husafiri karibu sehemu yote ya Tanzania, safari ambayo hata treni inapokwenda kwa wakati huchukua takriban siku nzima na usiku wake. Ucheleweshaji wa saa kadhaa umekuwa jambo la kawaida kwa miaka mingi.

Madaraja yaliyopo

Kwa utaratibu uliozoeleka, treni za abiria za TAZARA zina mabehewa ya kulala na ya kukaa. Daraja la kwanza lina vyumba vya vitanda vinne, viwili kila upande. Daraja la pili la kulala lina vyumba vya vitanda sita, vitatu kila upande vikiwa vimepangwa kimoja juu ya kingine. Aidha, kuna daraja la pili la kukaa na daraja la tatu, ambako abiria hulala akiwa ameketi.

Tofauti kubwa kati ya daraja la kwanza na la pili la kulala si uzuri wa godoro, bali ni idadi ya watu. Watu sita ndani ya chumba kimoja huleta mizigo ya watu sita, simu za watu sita na safari za kwenda maliwato za watu sita. Mlango hufunguliwa mara nyingi zaidi, na nafasi ya kuweka begi hupungua. Kwa mwenye uwezo wa kuongeza nauli, nafasi na utulivu ndivyo vitu anavyovinunua.

Hata hivyo, daraja pekee halitoshi. Abiria wa daraja la kwanza aliyepangiwa chumba cha mwisho kilicho jirani na choo anaweza kulala vibaya kuliko mwenzake wa daraja la pili aliyepata chumba cha katikati ya behewa. Daraja hulipiwa, lakini nafasi ndani ya daraja hailipiwi.

Kelele na mtikisiko hutoka wapi

Behewa la treni hubebwa na seti mbili za magurudumu, moja karibu na kila mwisho. Kila linapopita kwenye maungio ya reli au sehemu iliyochakaa, mshindo huingia kupitia magurudumu hayo. Vyumba vilivyo juu yake hupokea mshindo huo moja kwa moja, lakini vilivyo katikati huupata ukiwa umepungua. Mwisho wa behewa ndiko pia viliko vyoo, milango ya kupandia na kushukia, na njia ya kupita kutoka behewa moja hadi jingine. Usiku kucha watu hupita hapo, milango hugonga, na maji ya choo yakizidi sakafu huwa na unyevu na harufu.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza ni kuomba chumba cha katikati. Iwapo behewa lina vyumba tisa, kwa mfano, cha tano ndicho kilicho katikati, na cha nne na cha sita hukifuata kwa utulivu.

Kanuni ya pili inahusu nafasi ya behewa lenyewe katika msafara. Behewa lililo nyuma tu ya kichwa cha treni husikia honi na muungurumo wa injini, na katika mahandaki hupata moshi wa dizeli iwapo madirisha yako wazi. Mahandaki mengi ya reli hii yako katika mteremko mkali kati ya Makambako na Mlimba. Behewa linalopakana na baa na sehemu ya chakula nalo lina adha yake ya mazungumzo na muziki hadi usiku. Kwa upande mwingine, mwenye watoto au mgonjwa hapaswi kuwa mbali mno na behewa la chakula. Behewa la pili au la tatu kutoka hapo hutosha kupunguza kelele bila kuongeza mwendo mrefu wa kufuata chai.

Kanuni hizi si za reli pekee. Katika meli, ziwe za baharini au za maziwa, chumba kilicho katikati na chini huyumba kidogo kuliko kilicho mbele, nyuma au juu, kwa kuwa meli hucheza kama mbao ya bembea ambayo ncha zake hupanda na kushuka huku katikati ikitulia. Wakazi wa nyanda za juu waliowahi kusafiri kwa MV Liemba kutoka Kasanga katika Ziwa Tanganyika wanalijua jambo hilo. Tofauti ni kwamba chini ya meli huwa kuna injini, hivyo abiria hulazimika kupima kipi kinamkera zaidi, kuyumba au muungurumo.

Kitanda cha chini au cha juu

Kitanda cha chini ni rahisi kupanda, kiko karibu na meza ya dirishani, na mzigo uliowekwa chini yake hauwezi kutolewa bila mwenyewe kuhisi. Kinafaa kwa wazee, wajawazito, wagonjwa na wenye watoto wadogo. Kasoro yake ni kwamba mchana hugeuka kiti cha chumba kizima. Anayetaka kulala saa nane mchana atapaswa kuwaomba wenzake wampishe.

Kitanda cha juu ni cha mtu anayependa kuachwa peke yake. Hakuna anayeketi juu yake, na mwenye nacho anaweza kulala wakati wowote. Lakini joto hupanda juu, ngazi ni nyembamba, na treni inapofunga breki ghafla aliye juu ndiye aliye katika hatari ya kuanguka. Mtoto hapaswi kulazwa huko. Katika daraja la pili kuna pia kitanda cha kati, ambacho mtu mzima hawezi kuketi wima juu yake wakati vyote vitatu vimetandikwa. Hicho huachwa kuwa chaguo la mwisho.

Hali ya hewa nayo iangaliwe. Reli hii hufikia karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari katika eneo la Uyole, Mbeya, kisha huteremka hadi bonde la Kilombero na pwani. Abiria anayeondoka Tunduma mwezi Juni au Julai huanza safari kwenye baridi ya Mbozi na Mbeya na kuimaliza kwenye joto la Dar es Salaam. Abiria wa mabehewa ya kulala hupewa matandiko, lakini shuka au kitenge cha ziada hakijawahi kumwelemea msafiri.

Mwenye kitanda cha chini akumbuke pia dirisha. Treni husimama katika stesheni nyingi usiku, na simu au mkoba ulioachwa karibu na dirisha lililo wazi unaweza kuchukuliwa na mtu aliye nje. Wazoefu hufunga dirisha kila treni inaposimama, na hufunga mlango kwa ndani kabla ya kulala.

Wanandoa na familia

Jambo linalowashangaza wengi kwa mara ya kwanza ni kwamba wanaume na wanawake hawachanganywi katika chumba kimoja cha kulala, isipokuwa chumba chote kiwe kimelipiwa na kundi moja. Mume na mke wanaokata tiketi mbili watajikuta katika vyumba viwili tofauti. Wakitaka kuwa pamoja katika daraja la kwanza, watalazimika kulipia vitanda vyote vinne.

Hesabu hii ndiyo inayofaa kufanywa mapema. Watu wanne wa familia moja wakikata daraja la kwanza hupata chumba chao bila gharama ya ziada. Watu sita hupata hivyo hivyo katika daraja la pili la kulala. Watu watano wana uamuzi wa kufanya, kwani kununua kitanda cha sita katika daraja la pili huwapa faragha ambayo wasingeipata kwa kutawanyika. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake, utaratibu huo wa kutenganisha ni faida.

Tunduma si mwanzo wa safari

Abiria wa Tunduma ana ugumu ambao wa Dar es Salaam hana. Treni inayokwenda Dar es Salaam hufika kwake ikiwa tayari imesafiri usiku mmoja kutoka Kapiri Mposhi, ikapita Mpika, Kasama na Nakonde. Vyumba vya katikati na vitanda vya chini huenda vimekwisha kuchukuliwa na waliopanda mwanzo. Anayefika stesheni siku ya safari hupewa kilichobaki. Dawa yake ni kukata tiketi siku kadhaa kabla, na kusema waziwazi nafasi anayoitaka.

Jambo jingine ni saa. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Treni inayosemwa kufika saa mbili asubuhi kwa saa za Zambia hufika saa tatu kwa saa ya Tunduma, na kwa ndugu wanaoishi pande mbili za mpaka mmoja kosa hilo limekuwa rahisi kutokea. Ni vyema kuuliza saa iliyoandikwa ni ya nchi gani.

Kwa anayevuka mpaka kwenda Zambia, asitegemee kulala mara tu anapopanda. Maofisa wa uhamiaji hukagua hati, na wabadilisha fedha hupita wakitafuta wateja. Usingizi huanza baada ya Nakonde.

Maswali ya kuuliza dirishani

La kwanza ni kama treni ipo. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitiliana saini na kampuni ya China ya CCECC makubaliano ya kuikarabati reli hiyo kwa gharama ya takriban dola za Marekani bilioni 1.4. Katika kipindi cha kazi kubwa ya namna hiyo safari za abiria zinaweza kupangwa upya au kusitishwa, na ratiba ya zamani haipaswi kutegemewa bila kuthibitishwa stesheni.

La pili ni chumba kiko sehemu gani ya behewa, katikati au mwisho. La tatu ni behewa liko umbali gani kutoka kwenye kichwa cha treni na behewa la chakula. La nne ni kitanda, cha chini au cha juu. La tano ni mzigo. Magunia ya mchele au mahindi yapelekwe kwenye behewa la mizigo badala ya kubanwa chumbani, maana chumba kilichojaa magunia hakina daraja.

Hata aliyekosa nafasi anayoitaka hajapoteza yote. Baada ya kupanda anaweza kumweleza mhudumu wa behewa kwa heshima, kwani abiria hushuka Mlowo, Mbeya na Makambako na vitanda huachwa wazi. Anaweza pia kuwaomba wenzake. Kijana mwenye afya njema mara nyingi hukubali kupanda juu akimwona mzee anatazama ngazi kwa wasiwasi, na hakuna kanuni ya reli inayomzuia kufanya hivyo.

Maji ya kunywa na chakula cha akiba vinabaki kuwa jukumu la msafiri mwenyewe, kwani hata chumba tulivu kuliko vyote hakiwezi kuzuia treni kuchelewa.