Picha ya nyoka: usisogee, kata baadaye

Siku hizi nyoka akitokea uani, kabla mtu hajatafuta fimbo, watu watano washatoa simu. Na kila mmoja anataka nyoka ajae kwenye skrini, kwa hiyo anasogea. Hapo ndo balaa linapoanza.

Tupige hesabu kidogo. Kamera ya megapikseli 12 inatoa picha yenye upana wa nukta 4000 hivi. Simama mbali, nyoka achukue robo tu ya upana huo, bado ana nukta 1000. Ukikata kingo akabaki peke yake, inatosha kabisa kuweka mtandaoni. Sasa kusogea kwa nini? Swila anatema sumu zaidi ya mita mbili, tena analenga macho. Kifutu (wengine wanamwita bafe) ndo usiseme, anatulia kama gogo, akigonga huoni hata alivyogonga. Kukaa mita tano sio woga jamani.

Halafu ile kuvuta kwa vidole, kama simu haina lenzi ya kuvuta mbali, ni kukata vilevile, ila umekata kabla hujapiga na huwezi kurudisha.

Haya, ukate wapi? Inategemea picha ni ya nini. Kama ni ya urembo, hakikisha jicho limekaa vizuri halina ukungu, na acha nafasi upande anaoangalia. Ukikata mbele ya pua anaonekana kama kagonga ukuta.

Kama unataka kujua ni nyoka gani, mambo yanabadilika: usikate mwili hata kidogo. Chukua nyoka wa kijani wa pwani. Kuna koboko wa kijani anayeua, na kuna wengine wa kijani wasio na madhara kabisa. Koboko ana kichwa kirefu chembamba na jicho dogo, wenzake wana jicho kubwa. Ukileta picha ya mgongo tu, hata mtaalamu atakuna kichwa. Swila nao wengi wana mkanda shingoni, ukikata hapo umefuta ushahidi. Na hawa hawajawachanganya watu wa mtaani tu. Swila mkubwa wa kahawia wa pwani ya Kenya alihesabiwa miaka mingi kuwa ni swila shingo nyeusi wa rangi nyingine, mpaka 2007 alipotambuliwa kuwa aina yake mwenyewe, Naja ashei. Jina ni la James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken pale Watamu.

Acha pia kitu cha kupimia, jani au tofali. Zile picha za nyoka aliyening'inizwa kwenye fimbo karibu na kamera, eti mkubwa kuliko mtu, mimi siziamini hata moja.

Ila mtu akiwa ameumwa, achana na pozi. Shirika la Afya Duniani linakadiria nyoka wanaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Mgonjwa akimbizwe hospitali. Picha piga tu kama nyoka bado anaonekana kwa mbali, usimfukuze, na daktari muonyeshe picha nzima, isiyokatwa.

Kwenye kompyuta hata Paint inakata. Hifadhi kwa jina lingine, ile ya mwanzo usiiguse.