Kambare Hajui Vipimo vya Kioo Chako

Swali ni lile lile, na huletwa kwangu na watu wa kila namna: mwalimu aliyejitengenezea tangi la kioo sebuleni, kijana wa hoteli upande wa Rusinga apendaye kuwafurahisha wageni, na hata mvuvi ambaye, kwa haki, angepaswa kunifundisha mimi. Huuliza, "Bwana samaki, nikimtia kambare mdogo katika tangi dogo, si atabaki mdogo?" Zamani nilikuwa nikilijibu kwa upole, nikimkaribisha muulizaji kiti na chai, lakini juma lililopita nimeulizwa mara tatu katika siku moja, nami nimeona afadhali nilijibu kwa kalamu, ili atakayekuja tena nimkabidhi karatasi nirudi kazini kwangu.

Hatabaki mdogo. Kambare, ambaye Waluo humwita mumi, hupita urefu wa mita moja bila taabu akipewa umri na chakula, na wataalamu wameandika habari za wale waliofika mita 1.7 na uzito wa kilo 60. Tatizo letu hapa Mbita ni kwamba hakuna kitu kilicho sahali kama kumpata angali mchanga, kwa kuwa wavuvi wa kamba ndefu zenye ndoano nyingi huwanunua wakiwa hai, urefu wa kidole, ili wawe chambo cha mbuta. Na mtoto akimwona mmoja anachezesha sharubu ndani ya ndoo, humwonea huruma, akamsihi baba yake, na baba kwa shilingi chache akamwokoa yule kiumbe na ndoana asijue kwamba amempeleka kwenye kifo kirefu zaidi.

Itikadi hii, kwamba tangi dogo humzuia samaki kukua, najua ilikopata nguvu, walau kwa upande wetu. Mwaka 2009 serikali ilipoanza kuchimbisha mabwawa ya samaki, mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, wakulima wengi waliotia ngege walistaajabu kuona baada ya miezi kadhaa bwawa limejaa visamaki vya kadiri ya kiganja cha mtoto, wala havizidi hapo. Wakakata shauri: bwawa dogo, samaki mdogo. La hasha! Ngege huanza kuzaa angali mdogo, kabla hajafaa hata kikaango, na vifaranga wake wakishindana na wazazi wao kwa chakula kile kile, wote pamoja hudumaa. Kilichowapunguza ni wingi wa vinywa na uchache wa riziki, wala si upana wa shimo. Na tadbiri waliyofundishwa wakulima ilikuwa gani? Kumtia kambare bwawani awapunguze wale vifaranga. Basi kambare yule yule, ndani ya bwawa lile lile lililodaiwa kuwadumaza wenziwe, akanenepa mpaka akawa fahari ya mwenye shamba. Ningalidhani ushahidi huo ungetosha kuizika dhana hii milele.

Asiyeridhika na atazame ufugaji wa kambare huko Nijeria na Uholanzi, ambako wafugaji huwarundika kambare katika mabirika, zaidi ya kilo 100 za samaki katika kila mita moja ya ujazo wa maji, hata mtu akichungulia huona migongo zaidi kuliko maji; na hao, ambao kwa kanuni ya sebuleni wangepaswa kubaki kama sindano, hufikia kilo moja au karibu yake kabla mwaka haujatimia. Siri yao ni kwamba maji yale huchujwa ama hubadilishwa usiku na mchana. Samaki hapimi kuta za nyumba yake. Kinachomgusa ni chakula na hali ya maji aliyomo.

Na hali ya maji ndiyo hesabu ambayo mwenye tangi dogo haifanyi. Kambare wa sentimita 10 ana uzito wa yapata gramu 8. Akirefuka mara mbili, uzito wake hauzidi mara mbili, bali mara nane, kwa kuwa mwili hukua kwa urefu, kwa upana na kwa unene pamoja. Basi akifika sentimita 40 amekaribia nusu kilo, na akifika 80 ni kilo nne. Chakula huzidi, taka huzidi, na tangi lako la lita 60 halikuongezeka hata tone. Taka hizo aghalabu ni amonia itokayo katika matamvua, nayo ni sumu, na sumu yake huzidi kadiri maji yanavyokuwa ya moto na yenye magadi. Bakteria wema waishio katika chujio huigeuza ikawa kitu chenye madhara machache, ila nao wana kiasi chao. Na yule anayemimina unga wa vidonge vya tetrasaiklini kila samaki anapokunja uso, huwaua watumishi hao wa bure, kisha akaja kuniuliza mbona maji yananuka.

Wazee wa hapa wanakumbuka lile tuta la mawe na udongo lililotuunganisha na Rusinga katika miaka ya 1980, likaziba mlango wa maji kati ya bara na kisiwa, yakalala maji yasitembee, na magugu yakatanda, hata tukaja kujengewa daraja ili ziwa lipate kupita tena. Ikiwa Nyanza nzima, ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, iliweza kuharibika pembeni kwa kuzuiwa mwendo, sijui sanduku la kioo lina kinga gani.

Hapo wajuzi hunikatiza: kambare, wanasema, huvuta hewa juu ya maji, basi uchafu haumdhuru. Kweli, juu ya matamvua yake ana kiungo mfano wa mti wenye matawi, na kwa kiungo hicho huweza kuishi katika tope, na usiku wa mvua akatambaa majanini kutafuta dimbwi jingine. Lakini hewa aivutayo juu haiondoi taka iliyo chini. Ustahimilivu wake ndio unaomponza, maana ngege angekufa siku ya tatu na mwenye tangi akapata funzo, ilhali kambare hukaa miezi katika madhila, sharubu zikilika, ngozi ikifanya vidonda, na uti wa mgongo pengine ukipinda, na mwenyewe akiwaambia wageni, "Tazameni, amekoma kukua, ametulia." Mgonjwa hutulia, bwana.

Fauka ya hayo kuna wanaonitetea kwa uzushi wa pili, kwamba mwili wa nje hukoma na matumbo yakaendelea kukua mpaka yakapasuka. Nimepasua kambare waliodumaa, wengi, nami sikuona ini lililomzidi mwenyewe. Nawashukuru kwa msaada wao, lakini hoja yangu haiuhitaji.

Sasa la kufanya, kwa haraka, kwani karatasi inaniishia. Umtakaye kambare mzima, mjengee birika la saruji nje, urefu mita 3, upana 2, kina 1, ndiyo lita 6,000, ulitilie kivuli na wavu mzito juu, uzibe kila upenyo. Kioo cha kumtosha kingezidi tani moja kwa maji peke yake, na sakafu yako sijui ilijengwa na nani. Umtakaye wa sebuleni, tafuta okoko, ambaye ndugu zetu wa Mwanza humwita gogogo, ila chagua ile aina ndogo isimamayo kwenye sentimita 15 au karibu yake. Tangi la lita 300, chujio lililotembezwa majuma kadhaa kabla hajaingia, robo ya maji ibadilishwe kila juma, na maji ya mfereji yalazwe kwanza. Mhamishe kwa bakuli na si kwa wavu, maana miiba yake mitatu hujikaza na kunasa. Omena kidogo jioni. Usimchanganye na samaki awezaye kuingia kinywani mwake. Na yule kambare wa ndoo, mrudishe kwa aliyekuuzia siku hiyo hiyo, ama mle akikua.

Wa kigeni usiwanunue kabisa: wala huyo wa mkia mwekundu kutoka Amazon, wala yule wa mto Mekong ambaye wauzaji humpa jina la papa ilhali ni jamaa ya kambare. Wote wawili hupita mita moja, na wenye kuwafuga, wakishindwa, hushikwa na huruma ya saa mbaya, wakaona ziwa liko karibu. Sisi tulikwisha kuletewa mgeni katika miaka ya 1950 na 1960, ndiye mbuta, na baada yake aina mamia za furu hazikuonekana tena, na seu, kambare mkubwa wa asili aliyekuwa akishushwa kwa wingi katika fukwe zetu, akaadimika. Basi samaki wa aina hiyo akikushinda, niletee mimi mchana, sitakuuliza neno. Usimpeleke darajani usiku.