Kabla ya kung'arishwa, fizi zipimwe

Kwenye orodha ya bei za kliniki nyingi, "kusafisha meno" huandikwa kama huduma moja, ilhali ndani yake mna kazi mbili zisizolingana uzito. Ya kwanza ni kukwangua ugaga, yaani ule ukoga ulioachwa bila kuguswa na mswaki hadi ukanywa madini ya mate na kuwa mgumu kama chokaa. Ya pili ni kung'arisha: kikombe kidogo cha mpira, kilichopakwa dawa yenye chengachenga laini, huzungushwa juu ya jino mpaka madoa ya chai na tumbaku yatoke. Mteja hujitazama kwenye kioo akaisifu hiyo ya pili. Iliyomfaa, kama ipo, ni ya kwanza.

Pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Kama pana ukingo unaokwaruza, huo ndio ugaga, na haukuchagua mahali hapo kwa bahati. Mirija ya mate hufungukia chini ya ulimi, na mingine mashavuni mkabala na magego ya juu, na mate hayo yamejaa kalsiamu na fosfeti. Ukishaganda, mswaki hauuwezi tena, uwe wa dukani au wa mti. Juu ya ukwaruzo huo bakteria hujenga utando mpya kila siku, fizi zikavimba na kutoka damu. Kwa baadhi ya watu uvimbe huteremka zaidi, na mfupa unaolishikilia jino ukaliwa polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote.

Neno la kushika ni hilo "baadhi". Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu 1131 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 wilayani Machakos, Kenya. Ukoga na ugaga ulienea, lakini sehemu kubwa ya uharibifu ilikuwa imerundikana kwa wachache katika kila rika. Miaka miwili kabla, utafiti uliowafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, watu wasio na mazoea ya kusafisha meno, ulikuwa umeonyesha kwamba asilimia 8 waliharibikiwa kwa kasi, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 ugonjwa haukuwavuka fizi. Uchafu ni ule ule, hatima mbalimbali. Kwa hiyo kumwambia kila mtu aje kusafishwa kila baada ya miezi sita ni kumpa mgonjwa na mzima dawa moja. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2018, yaliyokusanya majaribio mawili ya Uingereza yenye watu wazima 1711, yanaelekea huko huko: baada ya miaka miwili hadi mitatu, waliopangiwa kusafishwa kila miezi 6 au 12 hawakutofautiana kwa lolote la maana na wasiopangiwa, si kwa damu ya fizi wala kwa kina cha mifuko iliyo kati ya jino na ufizi. Ugaga tu ndio uliopungua kidogo.

Atakayeshangilia kwamba basi fedha zake zimepona, asubiri. Wale wa Uingereza walikuwa watu wa kwenda kliniki mara kwa mara, na wenye ugonjwa mkubwa wa fizi hawakuhesabiwa. Kwetu wengi humwona daktari jino likishauma, tena na ombi moja mdomoni: ling'oe. Huyo hafanani na wale, na kama anavuta sigara au ana kisukari kisichodhibitiwa, hatari yake ni kubwa zaidi. Wapo pia wanaoapa kwamba meno yao yalilegea baada ya kukwanguliwa. Hawasemi uongo, ila wanamlaumu asiyehusika: mfupa ulikuwa umekwisha liwa, na ule ugaga mnene ndio uliokuwa umeyagandisha meno pamoja kama saruji. Mapengo yanayoonekana baadaye ni nafasi ambazo ugaga huo ulikuwa umezijaza.

Na weupe? Kwa mtu aliyekulia Arusha kwenye maji yenye floridi nyingi, madoa ya kahawia yamo ndani ya enameli yenyewe, yaliingia jino likiwa bado linaundwa. Kikombe cha mpira kitazunguka hadi jioni na doa litabaki. Kumtoza fedha kwa ahadi ya tabasamu jeupe, bila kumweleza hilo, ni biashara mbovu.

Kazi yenye thamani kuliko zote hata haing'arishi. Ni ya kijiti chembamba chenye alama za milimita, kinachopenyezwa taratibu kati ya jino na ufizi. Kikizama milimita 1 hadi 3 bila damu, mswaki wa nyumbani unatosha. Kikifika 5 au 6, ugaga uko chini ya ufizi, hapo kioo hakioni, na ndipo daktari anapostahili kulipwa kuukwangua.