Kutoka Kauli hadi Msimbo: Lugha ya Faili katika Maandalizi ya Kliniki ya Macho kwa ICD-11

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kliniki ya macho inayohudumia wasemaji wa Kiswahili inavyoweza kujiandaa kuhama kutoka toleo la 10 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa (ICD-10) kwenda toleo la 11 (ICD-11). Hoja yake ni kwamba sehemu ngumu ya maandalizi hayo haimo katika kompyuta bali katika lugha ya faili, kwa kuwa msimbo hauwezi kubeba taarifa ambayo sentensi ya utambuzi haikuitaja. Vipengele vinne vinachambuliwa: idadi, upande, upana wa maana ya majina ya maradhi, na kiunganishi "na".

Utangulizi

Msimbo wa utambuzi ni mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu unaosimama badala ya jina la ugonjwa. Kwa msimbo huo takwimu za taifa hujumlishwa, madai ya bima hukaguliwa, na mgonjwa anayehamishiwa hospitali ya mbali hueleweka pasipo kujali lugha aliyohojiwa kwayo. ICD-10 iliidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1990. ICD-11 ilipitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, ingawa kila nchi huhama kwa ratiba yake. Kwa mtazamo wa isimu, uhamaji huu ni zoezi la tafsiri: kauli ya mgonjwa hugeuzwa kuwa sentensi ya tabibu, na sentensi hiyo hugeuzwa kuwa msimbo. Kila hatua yaweza kupoteza maana, na maana iliyopotea katika hatua ya kwanza hairejeshwi na ya mwisho.

Funzo kutoka Marekani

Marekani ilihamia toleo lake la ICD-10 tarehe 1 Oktoba 2015, baada ya kuahirisha zaidi ya mara moja. Kliniki za macho ziliguswa kwa namna ya pekee kwa sababu mfumo mpya ulidai kutajwa kwa upande. Mtoto wa jicho wa kiini cha lenzi, ambaye awali alikuwa na msimbo mmoja, 366.16, alipata misimbo minne: H25.11 kwa jicho la kulia, H25.12 kwa la kushoto, H25.13 kwa yote mawili, na H25.10 pale ambapo jicho halikutajwa. Chokea ya nje, iliyokuwa na msimbo 373.11, iligawanyika katika misimbo saba, kwa kuwa ilibidi kutaja jicho pamoja na kope ya juu au ya chini. Maradhi yenyewe hayakubadilika. Kilichobadilika ni kiwango cha umahususi kilichotakiwa katika maandishi ya tabibu.

ICD-11 inafikia umahususi huo kwa njia nyingine. Badala ya kuunda msimbo mpya kwa kila upande, inaruhusu msimbo wa msingi kuambatishwa msimbo wa nyongeza. Kundi la mtoto wa jicho wa uzeeni ni 9B10.0, upande huongezwa kwa XK9K (kulia), XK8G (kushoto) au XK9J (pande zote mbili). Msomaji wa mofolojia ya Kibantu hatashangazwa na utaratibu huu, maana unafanana na mzizi unaopokea viambishi. Hata hivyo, kuna tofauti moja kubwa. Katika kitenzi cha Kiswahili kiambishi cha lazima kikikosekana, msikilizaji hugutuka. Katika msimbo, nyongeza ikikosekana, mara nyingi hakuna anayeona pengo.

Idadi na upande

Kiswahili hutofautisha "jicho" na "macho", hivyo ingetarajiwa kwamba idadi isingekuwa tatizo. Lakini katika majina ya maradhi idadi hiyo imeganda. "Mtoto wa jicho" hubeba umoja hata pale ambapo macho yote mawili yameathirika. "Presha ya macho" hubeba wingi hata pale ambapo jicho moja tu ndilo lenye tatizo. Sentensi "Mgonjwa ana mtoto wa jicho" haitaji idadi ya macho yaliyoathirika. Anayeweka msimbo akidhani kwamba umbo la umoja linamaanisha jicho moja atakuwa amesoma sarufi mahali pasipo na taarifa.

Upande nao una mtego wake. Tabibu mwenye haraka hupenda kufupisha, lakini "kulia" na "kushoto" huanza kwa sauti moja, kwa sababu yote mawili yana ku-. Kifupisho "JK" chaweza kuwa jicho la kulia au la kushoto. Kurejea maneno ya kale "kuume" na "kuke" hakusaidii, maana nayo yana mwanzo uleule. Isitoshe, "jicho la kulia" katika kauli ya mgonjwa laweza kugongana na jicho linalotoa machozi. Kwa hiyo neno la upande liandikwe kamili, na hati moja isichanganye vifupisho vya Kiingereza na vya Kiswahili.

Jina moja, makundi mengi

Tatizo la tatu ni upana wa maana. "Presha ya macho" hutumika kwa glaukoma, yaani uharibifu wa mshipa wa fahamu wa jicho. Lakini mshipa huo waweza kuharibika hata shinikizo likiwa la kawaida, na shinikizo laweza kupanda bila uharibifu wowote. Katika ICD-10 shinikizo la juu pasipo glaukoma huangukia H40.0, ilhali glaukoma ya msingi ya pembe wazi ni H40.1, katika ICD-11 glaukoma ina kundi lake, 9C61. Jina likibaki lilivyo kwenye faili, mtu mwenye glaukoma aweza kuhesabiwa kama mtu wa kuchunguzwa tu, naye asiitwe mapema kwa matibabu. Uoni unaopotea kwa glaukoma haurudi.

"Vikope" linaonyesha mgongano wa aina nyingine. Jina hilo, linalotumika Tanzania kwa trakoma, limetokana na mahali pa mwili ambapo ugonjwa huonekana. Ainisho kwa upande wake hufuata chanzo: trakoma imo katika sura ya maambukizi, A71 katika ICD-10 na 1C23 katika ICD-11. Anayeitafuta katika sura ya macho peke yake hataipata.

Neno "kipofu" nalo hutaja hali ya mtu katika jamii, wakati ICD-11, katika kundi 9D90, hutumia kipimo: upofu ni uoni ulio chini ya 3/60. Kati ya hapo na uoni wa kawaida kuna ngazi ambazo Kiswahili cha kliniki hukusanya katika istilahi "uoni hafifu". Istilahi hiyo ni nzuri, lakini haitoshi bila tarakimu ya kipimo.

Kiunganishi na chanzo

Sentensi "Ana kisukari na tatizo la retina" huweka hali mbili sambamba. Haisemi kwamba moja imezaa nyingine. Katika ICD-11 kisukari cha aina ya pili (5A11) na athari yake katika retina (9B71.0) huunganishwa kwa mkwaju. Anayeunganisha anahitaji idhini ya sentensi, na "na" haitoi idhini hiyo. "Tatizo la retina lililosababishwa na kisukari" huitoa.

Hatua za maandalizi

Kutokana na uchambuzi huu, kliniki yaweza kuanza kwa kukusanya majina yote yaliyotumika katika rejesta za mwaka mmoja, yakiwemo ya Kiswahili na vifupisho. Kila jina liulizwe maswali manne: jicho lipi, aina gani, hatua gani, chanzo gani. Majibu yanayokosekana yageuzwe kuwa nafasi za kujaza katika fomu. Kisha faili zilezile zipewe misimbo ya mifumo yote miwili na watu wawili wanaofanya kazi bila kushauriana. Pale wanapotofautiana, sentensi ya utambuzi ichunguzwe kabla ya kumlaumu yeyote.

Hitimisho

Majina ya Kiswahili ya maradhi ya macho hayana kasoro. Yaliundwa ili watu waelewane, na kazi hiyo yanaifanya vizuri. Yanachohitaji ni vijalizo vya upande, hatua, kipimo na chanzo, vikiandikwa na tabibu wakati mgonjwa bado yuko mbele yake. Kuvisanifisha vijalizo hivyo ni kazi ya wanaistilahi kama ilivyo ya matabibu, na yafaa ianze kabla ya programu mpya kununuliwa.