Bwawa la Kwanza Nyuma ya Nyumba: Chagua Vifaranga vya Sato kwa Macho, Siyo kwa Wingi



Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa Nyasho aliniita nikaone bwawa lake. Ni bwawa dogo nyuma ya nyumba, mita 5 kwa mita 4, alilolichimba kwa pesa ya mgao wa kikoba. Alipandikiza vifaranga 500 alivyoletewa kwa ndoo kutoka ziwani, akawalisha pumba na dagaa miezi minane. Tulipopunguza maji na kuvuta wavu, samaki walikuwa wengi kweli kweli, ila mkubwa kuliko wote alikuwa kama kiganja cha mtoto. Akaniuliza, "Bwana samaki, nilikosea wapi? Ni chakula?"

Chakula kilikuwa na kasoro yake, lakini kosa kubwa lilianza siku ile ya ndoo. Na siyo yeye peke yake. Sisi watu wa Musoma tunaishi na ziwa mlangoni, kwa hiyo tunaona kununua vifaranga ni kupoteza pesa. Hapo ndipo wengi tunapokwama.

Ndoo ya ziwani ina nini?

Kwanza, ina mchanganyiko. Katika bwawa la yule mama tulikuta furu wengi tu. Furu hakui kufikia sato hata umlishe vipi. Namna ya kuwatofautisha: sato ana mistari ya kusimama kwenye mkia, furu dume ana madoa ya njano au machungwa kwenye pezi la chini, karibu na mkia. Ukibahatika vibaya anaingia na kitoto cha sangara, na huyo atakula wenzake.

Pili, ina madume na majike. Sato huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu minne tu, bado mdogo. Jike hutunza mayai na watoto mdomoni, na wakati huo hali chakula, kwa hiyo hakui. Akimaliza, baada ya wiki chache anazaa tena. Bwawa linajaa watoto, wote wanagombania chakula na hewa ile ile. Unalisha wengi, huvuni kitu.

Tatu, makokoro na nyavu za vyandarua zinazokamata samaki wachanga ni haramu. Tukimaliza watoto wa sato ziwani, kesho wavuvi wetu watavua nini?

Sasa uchague wapi?

Kwa bwawa la kwanza nakushauri vifaranga vya sato madume matupu, kutoka kwa mzalishaji anayejulikana. Kabla hujatoa pesa, muone afisa uvuvi wa halmashauri yako akuelekeze. Dume anakua haraka kuliko jike, na bwawa halijai watoto. Wengi huniuliza kuhusu dawa inayotumika kuwapata madume. Vifaranga hulishwa chakula chenye homoni wiki tatu hadi nne za mwanzo wa maisha yao, kisha inaachwa. Wewe utawala miezi mingi baadaye. Ila jua kwamba mara chache inafika madume mia kwa mia, hivyo usishangae kuona watoto wachache.

Ukifika kwa muuzaji, usiridhike na kuhesabiwa tu. Omba watolewe kwenye beseni jeupe, uangalie haya:

1. Wawe wanalingana ukubwa. Gramu 5 hadi 10 ni nzuri kwa anayeanza, kwani wadogo sana hufa kirahisi.
2. Korogea maji taratibu kwa mkono. Mwenye afya huogelea kupingana na mkondo, mgonjwa huzungushwa nao.
3. Mapezi yawe mazima, mwili usiwe na vidonda, madoa meupe wala utando kama pamba.
4. Wasiwe wanahema juu ya maji wakati wenzao wametulia chini.
5. Muulize kama wamefungiwa chakula tangu jana. Kifaranga aliyeshiba huchafua maji njiani na kufa.

Wangapi?

Kwa bwawa lisilo na mashine ya hewa, anza na watatu kwa kila mita moja ya mraba. Bwawa la yule mama lina mita za mraba 20, yaani vifaranga 60. Yeye aliweka 500, ishirini na tano kwa kila mita! Wakipona 50 na kila mmoja akafika gramu 300, ni kilo 15. Siyo biashara ya kujenga ghorofa, lakini ni kitoweo cha nyumba na ni darasa. Ukiweza hawa 60, ndipo ufikirie bwawa kubwa.

Siku ya kuwaleta

Safirisha asubuhi au jioni, kwenye mfuko wa nailoni wenye maji kidogo na oksijeni. Kama unatumia maji ya bomba, yaache bwawani siku mbili tatu kabla, dawa ya klorini iishe. Usimwage vifaranga mara moja. Eleza mfuko juu ya bwawa dakika 15 hadi 20, kisha ongeza maji ya bwawa kidogo kidogo ndani ya mfuko, halafu waache watoke wenyewe. Siku hiyo usiwalishe.

Yule mama tulitoa maji yote, samaki wadogo akawakausha wakawa mboga. Bwawa lilianikwa juani mpaka tope likapasuka, likapakwa chokaa. Sasa limejaa maji, yameanza kuwa ya kijani, na ameagiza vifaranga 60. Aliponiuliza kama 60 siyo wachache mno, nilimwambia: mama, wale 500 tumewahesabu wote, na hakuna hata mmoja aliyejaza sahani.

Kazi njema, ndugu mfugaji. Kabla hujanunua, niite kwanza tuangalie pamoja.