Mdudu wa alama 17

Msichana wa kidato cha pili amekunja sketi, maji yamemfika magotini. Mkononi ana chujio alilotengeneza kwa waya wa hanga na kipande cha chandarua kikuukuu. Anayatikisa mawe kwa mguu, tope linatibuka, naye analikinga chujio kule maji yanakoelekea. Alichonasa anakimimina kwenye beseni jeupe, kisha anachutama na kusubiri. Mwanzoni huoni kitu ila majani yaliyooza. Halafu jani moja linatambaa.

"Mikia miwili!" anapiga kelele, na wenzake wote wanakuja mbio.

Tuko Mto Morogoro, unaposhuka kutoka Milima ya Uluguru kabla ya kuingia mjini. Maji haya huungana na Ngerengere, Ngerengere nao huingia Ruvu, mto unaonywesha Dar es Salaam. Kipimo wanachotumia wanafunzi kinaitwa miniSASS, na kilibuniwa Afrika Kusini. Viumbe wadogo wa mtoni wamegawanywa katika makundi 13, na kila kundi lina alama yake. Anayestahimili uchafu ana alama chache; asiyeustahimili ana nyingi. Minyoo ni 2. Mdudu huyu wa mikia miwili, anayejibanza chini ya mawe penye maji ya kasi, ni 17, na hakuna anayemzidi.

Hesabu yao ni nyepesi. Huku juu wamepata mikia miwili (17), mikia mitatu (11), buu anayejijengea nyumba ya vijiwe (9), kaa (6) na mtoto wa kereng'ende (6). Jumla 49, gawanya kwa makundi matano: 9.8. Wakashuka hadi darajani, penye mifuko ya plastiki na povu la sabuni. Minyoo 2, ruba 2, mabuu ya nzi 2, konokono 4. Wastani 2.5. Mto ni uleule, asubuhi ileile.

Wataalamu wa Tanzania wanacho kipimo chao, TARISS, kilichochapishwa mwaka 2015, lakini hicho kinataka mtu aliyesomea. Hiki cha wanafunzi kinataka macho na subira.

Simu inaingia baadaye, na naona hapo ndipo mahali pake. Ipo programu ambayo ukipiga picha ya mdudu inakupendekezea kundi lake, kisha alama zako zinapanda kwenye ramani ya mtandaoni pamoja na mahali ulipopimia. Ramani hiyo ina thamani kubwa: mwakani darasa jingine litajua pa kuanzia. Ila mwalimu wa wanafunzi hawa hatoi simu mpaka kila kikundi kiwe kimebishana na kukubaliana. Namuunga mkono kwa moyo wote. Mtoto aliyeambiwa jibu na simu kabla hajahesabu mikia hajapima kitu.

Nina sababu nyingine ya kutotanguliza vifaa vya kisasa: niliwahi kufunguliwa kabati la maabara ya shule moja, nikaoneshwa kipimo cha pH cha kidijiti kilicholetwa kama msaada. Kilitumika mara mbili tu. Dawa ya kukirekebishia iliisha, ncha yake ikakauka, betri ikavujia humohumo ndani. Iliniuma. Fedha ya kifaa kile ingenunua mabeseni na vyandarua tele.

Tukiwa tunafungasha, mvulana mmoja akauliza swali nililokuwa nalisubiri. "Mwalimu, kwa hiyo haya ya huku juu tunaweza kunywa?"

Mwalimu hakujibu. Mdudu hazungumzii vijidudu vya kinyesi. Wala hazungumzii floraidi, ile inayotia meno kahawia kuzunguka Mlima Meru ilhali maji yenyewe yanang'aa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo chake kuwa miligramu 1.5 kwa lita. Badala ya kujibu, alitoa chupa ndogo yenye kipande cha karatasi kilichotiwa dawa, akaijaza maji ya kule kwenye 9.8, akaifunga na kumkabidhi mvulana. Maji yenye bakteria wa kinyesi huigeuza karatasi hiyo kuwa nyeusi ndani ya siku moja au mbili.

Usiku ule chupa ililala kwenye kabati la darasa. Kesho yake, kabla ya kengele ya mstarini, walikuwa wameshaizunguka. Maji yalikuwa meusi kama wino.