Kuonja Boha na Kuipa Alama: Ulimi Unatambua Nini, na Unaishia Wapi

Boha ni pombe ya miwa inayotengenezwa na kunywewa katika sehemu mbalimbali za Mkoa wa Tanga, zikiwemo wilaya za Korogwe na Handeni. Miwa hutwangwa au kusagwa, maji yake hukamuliwa, kisha huachwa yachachuke kwa nguvu ya hamira. Kinywaji hiki kina heshima yake katika ngoma, mikutano ya ukoo na matambiko. Hata hivyo, kilabuni huuzwa bila lebo, bila tarehe ya kutengenezwa na bila alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mnunuzi hana maandishi ya kusoma; ana macho, pua na ulimi wake. Sehemu hii ya kijitabu inaeleza namna ya kuvitumia viungo hivyo, na mahali ambapo haviwezi kumlinda.

Kinywaji kilicho hai

Bia nyingi za chupa huchujwa na kupashwa joto kiwandani ili zisiendelee kuchachuka. Ndiyo maana hukaa miezi kadhaa bila kubadilika. Boha haifanyiwi hivyo. Hamira huendelea kula sukari na kuigeuza kuwa kilevi na gesi, kwa hiyo boha ya asubuhi si boha ya jioni. Mwanzoni huwa tamu yenye kilevi kidogo. Baadaye utamu hupungua na ukali huongezeka. Hatimaye vijidudu vinavyopenda hewa hukigeuza kilevi kuwa siki.

Uingereza nako kuna bia ya aina hii. Bia yao chungu ya pipa, iitwayo bita, hufikishwa katika baa ikiwa bado na hamira hai. Hutunzwa katika nyuzijoto 11 hadi 13 hivi, na pipa likishafunguliwa hupaswa kumalizwa kwa muda wa siku tatu hivi. Mwaka 1971 wanywaji wa nchi hiyo walianzisha chama cha kuitetea bia hiyo, na wanachama wake huipa alama kuanzia 0 hadi 5. Wanachokipima si jina la mtengenezaji, bali glasi iliyoletwa mezani siku hiyo. Utaratibu huo unaifaa boha pia.

Hatua nne za kuonja

Kwanza, tazama. Omba umiminiwe katika glasi inayoonyesha. Boha kutokuwa angavu si kasoro, na mapovu madogo yanayopanda ni dalili kwamba hamira ingali hai. Wadudu, mchanga, au kuvu iliyoelea juu ni sababu tosha ya kuirudisha.

Pili, nusa. Harufu ya miwa na ya hamira ndiyo inayotarajiwa. Harufu kali ya siki huonyesha kuwa pombe imepita wakati wake. Harufu ya mafuta ya taa, rangi au dawa ya shambani haina nafasi katika boha: usiionje.

Tatu, onja funda dogo, ulizungushe mdomoni. Tafuta uwiano wa utamu, uchachu na ukali, pasiwe na kimoja kinachovimeza vingine. Boha iliyoongezwa maji hujulikana kwa wepesi wake: ladha hufika na kutoweka mara moja.

Nne, meza na usubiri kidogo. Boha nzuri huacha ladha ya miwa. Ukihisi koo linaungua kama aliyekunywa pombe kali, acha. Huenda imechanganywa na kitu kingine.

Baada ya hapo, toa alama:

0 – haifai kunywewa, irudishwe.
1 – imechacha mno au imezidishwa maji.
2 – inanyweka, lakini haina sifa ya kutajwa.
3 – nzuri. Ladha ya miwa ipo na uwiano upo.
4 – nzuri sana.
5 – bora kabisa. Ni nadra kuipata.

Andika alama, siku na mahali, kisha rudia siku nyingine. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa za mwezi uliopita si dhamana ya glasi ya leo.

Mipaka ya ulimi

Alama 5 ni hukumu ya ladha, wala si cheti cha usalama. Yako mambo matatu ambayo hata mwonjaji hodari hawezi kuyategemea ulimi wake.

La kwanza ni methanoli. Spiriti hii ya viwandani hufanana na kilevi cha kawaida kwa sura, harufu na ladha. Mililita 10 zinaweza kupofusha, na 30 zinaweza kuua. Hatari kubwa hutokana na wauzaji wanaotia spiriti ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali upesi. Mwezi Mei 2014 nchini Kenya, Embu na sehemu nyingine, makumi ya watu walifariki kwa vinywaji vya namna hiyo.

La pili ni sumukuvu, ambayo huwahusu hasa wanywaji wa pombe ya mahindi. Mahindi yaliyoota kuvu huonekana hayafai kwa ugali, yakapelekwa kwenye pombe. Sumu hiyo haina ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 ugonjwa uliotokana na sumukuvu uliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

La tatu ni chombo na maji. Dumu lililowahi kubeba kiuatilifu halitakasiki kwa kuoshwa. Uchachu wa pombe huyeyusha madini ya debe la mabati. Maji yasiyochemshwa huleta vijidudu ambavyo kilevi kidogo cha boha hakiviui vyote.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Ilikamuliwa lini? Imehifadhiwa katika chombo gani, na kabla yake kilibeba nini? Imeongezwa maji, na yalichemshwa? Kuna kitu kingine kilichotiwa? Kuuliza si kumdharau muuzaji, na aliye mwaminifu hujibu bila kusita. Asiyejibu, usinunue kwake. Aidha, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inamtaka auzaye pombe awe na leseni. Ni haki yako kuuliza kama anayo. Gongo, ambayo sheria huiita moshi, haimo katika mwongozo huu, kwani kuitengeneza bila leseni ni kosa.

Dalili za hatari

Dalili za methanoli huweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kuuma, na macho kuona ukungu au weupe. Usizidhanie kuwa ni uchovu wa ulevi, na usimwache mgonjwa alale hadi zipite. Mpeleke hospitali mara moja, ukichukua mabaki ya kinywaji katika chombo kilichofungwa. Kisha toa taarifa kwa afisa afya wa kata au ofisi ya TBS, ukitaja mahali na siku kilipouzwa. Wengine waliokunywa chungu kilekile huenda bado hawajaanza kuumwa, na taarifa yako inaweza kuwafikia mapema.